Shamba la Anathothi

Andiko kuu: Yeremia 32:1-44
Soma pia: Yeremia 11:18-23, Walawi 25:25-28, Ezra 2:23



Somo letu wiki hii liko katika Yeremia sura ya 32. Ni sura ndefu, ina aya 44, na nakuomba uisome yote nyumbani, usiishie kwenye aya ya 17 peke yake. Aya ya 17 tunaipenda sana. Tumeibandika kwenye kalenda, kwenye vioo vya matatu, hata kwenye milango ya vioski: yule aliyeziumba mbingu na nchi, hakuna jambo linalomshinda. Amina. Lakini wengi wetu hatujawahi kuuliza Yeremia aliyasema hayo akiwa wapi, na alikuwa ametoka kufanya nini. Alikuwa kizuizini. Na alikuwa ametoka kununua shamba.

Nimechagua sura hii kwa sababu ya swali la mama mmoja katika ushirika wa nyumbani. Tulikuwa tumemaliza kukiri kwamba Mungu ni mwenye enzi yote, na tulikiri kwa sauti, watoto wa jirani wakaja kuchungulia. Akangoja watu watulie, akasema, "Pasta, hiyo niliamini kitambo. Mungu anaweza yote. Sasa nifanye nini na hiyo Jumatatu asubuhi?"

Hilo ni swali zuri kuliko mahubiri mengi niliyowahi kusikia. Maana enzi ya Mungu tunaweza kuiitikia vibaya kwa namna mbili, na zote mbili zinafanana na imani. Kuna mwenye kukunja mikono: "Mungu ndiye anajua, yakija yaje." Haendi kliniki, hatafuti kazi, haongei na mwenye nyumba juu ya deni. Halafu kuna yule wa pili ambaye anampa Mungu amri. Ametangaza, amedai, ametuma mbegu kwa M-Pesa, sasa anangoja Mungu atekeleze. Wa kwanza anamfanya Mungu kuwa sababu ya kutofanya kitu. Wa pili anamfanya Mungu kuwa mfanyakazi wake. Yeremia hakufuata njia yoyote kati ya hizo, na ndiyo maana nataka tukae naye leo.

Hali ilivyokuwa

Ni mwaka wa 10 wa Sedekia mfalme wa Yuda, karibu mwaka 587 kabla ya Kristo. Jeshi la Nebukadreza wa Babeli limeuzingira Yerusalemu. Miji mingine yenye ngome imeshaanguka. Sura ya 34 inasema katika Yuda ilikuwa imebaki Lakishi na Azeka tu. Nje ya kuta Wakaldayo wanarundika udongo ili wapande waingie. Ndani ya kuta kuna njaa na tauni. Na Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi, ndani ya nyumba ya mfalme, kwa kosa la kusema ukweli: kwamba mji utatekwa na mfalme mwenyewe atapelekwa Babeli. Chakula chake, tunasoma katika 37:21, ni mkate mmoja kwa siku kutoka mtaa wa waokaji, hadi mkate wote ulipokwisha mjini.

Hapo ndipo Mungu anamwambia: binamu yako Hanameli anakuja, atakuomba ununue shamba lake lililo Anathothi.

Nilisomea biashara chuoni, kwa hivyo mnivumilie kidogo. Shamba hilo liko Anathothi, kilomita kama 5 kaskazini-mashariki mwa Yerusalemu, yaani upande wa pili wa jeshi la adui. Mnunuzi hawezi kwenda kuliona. Hawezi kulilima. Hawezi kulikodisha, hawezi kuliweka rehani, na hatampata mtu wa kumuuzia kesho, kwa sababu kila mtu anajua nchi inaondoka. Yeye mwenyewe ni mfungwa. Tena ana habari ambayo soko lote halina: Mungu ameshamwambia kwa hakika kwamba Babeli itashinda. Katika 29:10 alishaandika kwamba uhamisho utakuwa wa miaka 70. Kwa hesabu yoyote ya biashara, hilo shamba bei yake ni sufuri. Hata ukipewa bure utauliza kuna nini.

Yeremia akalinunua kwa shekeli 17 za fedha. Shekeli moja ilikuwa na uzito wa gramu kama 11, kwa hivyo jumla haifiki gramu 200. Si pesa nyingi kwa ardhi. Daudi alilipa shekeli 50 kwa uwanja wa kupuria na ng'ombe (2 Samweli 24:24), na Ibrahimu alilipa 400 kwa shamba na pango la Makpela (Mwanzo 23). Lakini kumbuka tuko wapi. Katika mji wenye njaa, fedha ni unga. Fedha ile aliyopima Yeremia kwenye mizani ingeweza kumtafutia chakula wakati mkate wa siku unapungua. Yeye akaitoa kwa ajili ya udongo uliokanyagwa na viatu vya askari wa Babeli.

Alijuaje ni Mungu?

Hapa nataka tutulie, kwa sababu nyumba nyingi zimeumia kwa neno "Mungu ameniambia".

Angalia aya ya 8. Neno lilimjia kwanza. Halafu Hanameli akaja kweli, akasema maneno yaleyale. Na Yeremia anasema hapo ndipo alipojua kwamba lile lilikuwa neno la Bwana. Huyu ni nabii! Amekuwa nabii karibu miaka 40. Na bado alisubiri jambo litokee nje ya uwezo wake kabla ya kufungua mfuko. Yeye hakumtuma mtu akamwite Hanameli. Hakulipanga.

Jambo la pili, lile neno lilikubaliana na Maandiko aliyokuwa nayo tayari. Walawi 25:25 inasema ndugu akiwa maskini na kuuza sehemu ya milki yake, jamaa yake wa karibu aje kuikomboa. Hanameli alimkumbusha Yeremia haki hiyo: wewe ndiwe mwenye haki ya kukomboa. Mungu hakumwambia avunje sheria yake ili amtii.

Na la tatu, ambalo mimi huliangalia kwanza mtu akiniletea neno: gharama ilimwangukia nani? Ilimwangukia Yeremia aliyelipokea. Hakumwendea mjane wa Yerusalemu na kumwambia, "Bwana amesema utoe shekeli 17." Neno lolote ambalo faida yake ni ya msemaji na hasara yake ni ya msikilizaji, ndugu yangu, lipeleke kwa wazee wa kanisa kabla hujagusa simu yako. Mwaka wa 2023 nchi hii iliona msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa, watu waliofundishwa kwamba kufa njaa ni kumtii Mungu. Wale hawakukosa bidii. Walikuwa na bidii kutupita wengi wetu. Walichonyimwa ni ruhusa ya kuuliza. Katika kanisa hili una ruhusa ya kuuliza, hata mimi niniulize, na Yeremia alimwuliza Mungu mwenyewe, kama tutakavyoona.

Hati mbili na chungu

Wahubiri huruka aya ya 9 mpaka 14 kwa sababu zinaonekana kama kazi ya wakili. Mimi nazipenda sana. Fedha ikapimwa. Hati ikaandikwa. Ikatiwa muhuri. Mashahidi wakaweka sahihi. Kulikuwa na nakala mbili, moja imefungwa na kutiwa muhuri, nyingine iko wazi, ili mtu akitaka kusoma asome ile ya wazi, na ikizuka kesi ile iliyofungwa ifunguliwe kuthibitisha kwamba hakuna aliyechezea maneno. Hati zote mbili akapewa Baruku mwana wa Neria mbele ya mashahidi na Wayahudi wote waliokuwa wameketi pale uwandani. Halafu Baruku akaambiwa aziweke katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi.

Sasa fikiria. Anayefanya haya yote anaamini kwamba Mungu anatawala mataifa. Kama enzi ya Mungu ingefanya bidii ya binadamu isiwe na maana, Yeremia angesema, "Mungu anajua nimenunua, karatasi ya nini?" Badala yake alifanya kila kitu ambacho mnunuzi mwangalifu angefanya wakati wa amani. Imani yake haikumfanya awe mzembe wa karatasi.

Nasema hili kwa sababu naona ndugu zetu wananunua ploti kwa kusikia tu kwamba muuzaji ameokoka. Ati "ni mtu wa Mungu, hatuwezi kumshuku." Jamani. Hatimiliki iangalieni. Nendeni ofisi ya ardhi mhakikishe jina, au mtumie Ardhisasa kama eneo lenu limeshaingizwa. Kama ni ardhi ya kilimo, ombi la kibali cha bodi ya ardhi lina muda wake, miezi 6 tangu makubaliano, na ukipita bila kibali ule mkataba unaweza kukosa nguvu ya kisheria. Mtafute wakili wenu, si wa muuzaji. Mkishafanya hayo, ombeni. Au ombeni kwanza, lakini fanyeni yote mawili. Kuhakikisha hati si kukosa imani. Yeremia aliita mashahidi kwa ajili ya shamba la binamu yake mwenyewe.

Na chungu kile kilikuwa na maana kubwa. Mnajua vitabu vya kale vilivyopatikana mapangoni karibu na Bahari ya Chumvi kuanzia mwaka 1947? Baadhi vilikuwa ndani ya mitungi ya udongo, vimekaa karibu miaka 2,000. Baruku alijua alichokuwa anafanya. Katika kuchimba magofu ya Mji wa Daudi mwaka 1982, wachimbaji walipata vipande vidogo vya udongo karibu 50 vilivyokuwa mihuri ya hati, ndani ya nyumba iliyoungua Babeli ilipouteketeza mji. Hati zenyewe ziliteketea. Mihuri ilibaki kwa sababu moto ule uliichoma ikakauka kama tofali. Muhuri mmoja una jina la Gemaria mwana wa Shafani, jina tunalolisoma katika Yeremia 36:10. Hivyo ndivyo karatasi za Yerusalemu zilivyoisha. Yeremia alijua moto unakuja, na akatafuta chungu.

Ndugu waliotaka kumuua

Kuna jambo lingine katika hadithi hii ambalo mimi mwenyewe nililisoma mara nyingi bila kuliona uzito wake. Anathothi ni wapi? Ni nyumbani kwa Yeremia, kwa makuhani waliokaa katika nchi ya Benyamini (1:1). Na katika sura ya 11 watu wa Anathothi walikuwa wamepanga kumuua. Walimwambia aache kutabiri kwa jina la Bwana asije akafa kwa mikono yao. Katika 12:6 Mungu anamwonya kwamba hata ndugu zake na nyumba ya baba yake wamemtenda kwa hila, asiwaamini hata wakimsemesha maneno mazuri.

Sasa mtoto wa ndugu ya baba yake anakuja gerezani akisema maneno mazuri: ninunulie shamba.

Biblia haisemi kwamba Hanameli alikuwa katika ule mpango, na mimi sitamsingizia. Lakini ukoo ni ule. Wewe ungejibu nini? Naijua Kenya yetu. Najua kuna watu katika kanisa hili ambao hawajakanyaga kwao miaka 6 au 10 kwa sababu ya kipande cha shamba cha marehemu baba. Najua kuna kesi ziko kortini zinazowahusu ndugu wa tumbo moja ambao wote wanashiriki meza ya Bwana, mmoja ibada ya kwanza, mwingine ibada ya pili. Hawa wakimwona ndugu anakuja na shida, jibu limeshatayarishwa: "Leo ndio umenikumbuka?"

Yeremia alikuwa na kila sababu ya kulitoa jibu hilo. Alikomboa. Kitendo chake cha imani katika enzi ya Mungu kilikuwa ni kumtendea haki jamaa wa ukoo uliomtendea ubaya. Hilo si jambo la pembeni katika somo hili. Ukiamini kweli kwamba Mungu anashika historia ya mataifa, basi anaishika na kesi yako, na huna haja ya kulipiza kisasi ili mambo yawe sawa. Anayeamini kwamba Mungu hatawali lazima ajilinde kwa kila njia. Anayeamini kwamba anatawala anaweza kulipa shekeli 17.

Sisemi uwape ndugu zako hati wakuibie. Yeremia aliita mashahidi, kumbuka! Nasema huenda Jumatatu asubuhi yako inaanza na simu unayoogopa kupiga.

Maombi yasiyo na ombi

Baada ya kumpa Baruku hati, ndipo Yeremia akaomba. Angalia mpangilio huo: alitii kwanza, halafu maswali yakatoka. Maombi yake yanaanza aya ya 16. Anaanza mbali, kwenye uumbaji. Halafu anapita Misri, ishara na maajabu, mkono ulionyoshwa, nchi ijaayo maziwa na asali. Halafu dhambi ya watu. Halafu anafika aya ya 24, anaangalia nje na kusema: tazama, vilima vya kuuhusuru mji vimefika, upanga, njaa na tauni. Na aya ya 25: nawe, Bwana, umeniambia nunua shamba kwa fedha na uite mashahidi, na huku mji umetiwa mikononi mwa Wakaldayo.

Kisha yanaisha. Tafuta ombi mle, hutalipata. Hakuomba mji uokoke, hakuomba afunguliwe, hakuomba pesa zake zirudi. Aliyaweka mambo mawili mbele za Mungu, lile analoliamini na lile analoliona, na akakiri kwamba hawezi kuyaunganisha.

Nawapa ruhusa muombe hivyo. Kuna nyakati huna ombi, una mambo mawili tu ambayo hayaungani. Nilikaa na familia moja hospitalini, baba amekuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki kwa muda mrefu, na mke wake akaniambia ameishiwa maneno ya kuomba. Tulifungua sura hii, tukasoma maombi ya Yeremia, tukaishia pale alipoishia. Hatukuongeza kitu. Yule mama akasema hayo yanatosha leo.

Jibu la Mungu

Mungu anajibu katika aya ya 27 kwa kumrudishia Yeremia maneno yake mwenyewe, lakini sasa kama swali: mimi ni Mungu wa wote wenye mwili, je, kuna lolote linalonishinda? Tukisikia hivyo, tunatarajia aya ya 28 iseme, "Kwa hivyo nitawafukuza Wakaldayo leo." Kanisa limeshasimama, mpiga kinanda ameshaanza.

Aya ya 28 inasema kwa hivyo nautia mji huu mikononi mwa Wakaldayo.

Wapendwa, hapa ndipo mafundisho ya enzi ya Mungu yanapokuwa mazito. Mungu yuleyule asiyeshindwa na lolote ndiye anayeutoa mji. Hakuzidiwa nguvu na Nebukadreza. Na baada ya kueleza dhambi za mji kwa uwazi, ibada za sanamu na watoto waliotolewa kwa Moleki, aya ya 37 inageuka: tazama, nitawakusanya. Aya ya 43 na 44: mashamba yatanunuliwa tena katika nchi hii, watu watalipa fedha, wataandika hati, watatia muhuri, wataita mashahidi. Mungu anataja kazi ya wakili kama sehemu ya ahadi! Kumbe zile aya tulizozoea kuruka ndizo alizoziahidi.

Niweke tahadhari moja. Yerusalemu ulianguka kwa sababu ambazo Mungu alizitaja kwa maneno. Usichukue sura hii ukamwendee jirani mgonjwa kumwambia ugonjwa wake ni hukumu. Yesu alikataa hesabu hiyo katika Yohana 9, wanafunzi walipotaka kujua ni nani aliyetenda dhambi hata yule mtu akazaliwa kipofu.

Na tahadhari ya pili, hasa kwa vijana. Yeremia alikuwa na ahadi mahususi juu ya nchi ile. Wewe huna ahadi ya Mungu juu ya ploti ya Kitengela wala juu ya kikapu chochote cha hisa. Usichukue mkopo wa sako usioweza kuulipa ukauita Anathothi. Tulichoahidiwa katika Kristo tunakijua: dhambi zimesamehewa, hatatuacha wala kutupungukia, wafu watafufuliwa, na hakuna kitakachotutenga na upendo wake. Hayo ndiyo tunayoweza kuyawekea pesa, muda na jina letu. Mtu anayelea mtoto asiye wake kwa sababu mbele za Mungu hakuna mtoto wa bure, huyo amenunua shamba. Mgonjwa anayeandika wosia wake waziwazi na kuwapatanisha watoto wake kabla ya upasuaji, badala ya kukataza neno "kifo" lisitajwe nyumbani, huyo naye amenunua. Mwalimu ambaye mshahara umechelewa na bado anasahihisha vitabu vya watoto kwa haki. Ukiwauliza kama wanafanya jambo la imani watashangaa.

Tena wengine hawataona mavuno. Yeremia hakuyaona. Mwaka wa 11 wa Sedekia, mwezi wa 4, siku ya 9, ukuta ulibomolewa (39:2), baada ya kuzingirwa karibu mwaka mmoja na nusu. Yeremia aliachiliwa, akakaa na mabaki ya watu Mispa, na baada ya Gedalia kuuawa akachukuliwa kwenda Misri na watu waliokataa kumsikiliza. Mara ya mwisho tunapomwona katika kitabu chake akiishi kati ya watu, yuko Misri, bado anahubiri, bado anapingwa. Hakuna aya inayomwonyesha akisimama katika shamba lake. Kama imani ni kupata ulichotangaza, basi Yeremia alishindwa na hati yake ilikuwa karatasi tu chunguni.

Lakini fungua Ezra sura ya 2. Koreshi mfalme wa Uajemi ametoa amri mwaka 538, na watu wanarudi. Ile sura ni orodha, majina na hesabu, sura ambayo mtu akiisoma katika mpango wake wa kusoma Biblia kwa mwaka huwa anapitisha macho haraka. Simama kwenye aya ya 23. Watu wa Anathothi, 128. Nehemia 7:27 inarudia hesabu ileile, na katika 11:32 Anathothi imo katika orodha ya vijiji ambavyo wana wa Benyamini walikaa tena. Watu 128 waliingia kijijini kwao, wakatafuta mipaka ya mashamba, wakauliza wazee nani alikuwa wapi.

Jumatano katika ushirika wa nyumbani tutaendelea na sura ya 33, neno ambalo Yeremia alilipokea mara ya pili akiwa bado mlemle kizuizini. Njoo na Biblia, na kama una swali usiloweza kuliunganisha, liandike kwenye karatasi uje nalo. Wenye kesi za ardhi na ndugu zao wanaotaka kuombewa na kushauriwa, wazee watakuwa ofisini Alhamisi kuanzia saa kumi jioni.